Sentensi Hii ni ya Nani?

Msomaji wa makala ya kitaaluma huuliza swali moja kila anapofika kwenye nukta: aliyesema haya ni nani? Ni mwandishi mwenyewe? Ni mtafiti aliyemtangulia? Au ni msailiwa aliyekaa barazani akaeleza alivyofunzwa na bibi yake? Makala inayolijibu swali hilo kila mara, bila kumrudisha msomaji nyuma, imekwisha kufika mbali katika uwazi. Isiyolijibu haiokolewi na lugha tamu wala na marejeleo ya kurasa kumi.

Katika idara zetu nyingi za Kiswahili mafunzo ya uandishi wa utafiti yameligawa jambo hili mafungu mawili. Kuna kuandika kwa ufasaha, na kuna kutaja vyanzo. La kwanza hutazamwa kama kipaji. La pili kama kazi ya karani: mkato ukae wapi, mwaka utangulie au ufuate, mabano yafungwe lini. Mwanafunzi hutoka akijua tofauti ya mtindo wa APA na ule wa MLA, lakini tasnifu yake bado haisomeki, na nukuu zake, pamoja na mabano yake yote, hazithibitishi kitu. Ninavyoona mimi, kuandika kwa uwazi na kunukuu kwa uaminifu ni kazi moja. Anayejua kila sentensi yake ni ya nani ndiye anayeweza kuifupisha, kwa kuwa anajua ipi inabeba hoja na ipi imeletwa kujaza nafasi.

Mitindo yenyewe haina miujiza. Desturi ya kutaja jina na mwaka ndani ya mabano huhusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeitumia mwaka 1881 katika makala kuhusu konokono wasio na gamba. Mwongozo wa Chicago ulitoka mwaka 1906. Ule wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba jaridani. Toleo la saba, la mwaka 2019, lina kurasa zaidi ya 400. Miongozo hii haikubaliani hata katika mambo madogo. APA hutaka nukuu ya maneno 40 au zaidi ijitenge katika aya yake. MLA huhesabu mistari, zaidi ya minne kwa nathari. Chicago huweka mpaka kwenye maneno 100 hivi. Asiyekubaliwa na mwongozo wowote ni yule anayechanganya mitindo mitatu ndani ya kazi moja, maana msomaji wake hawezi tena kujua alama fulani inamwambia nini.

Lakini mtu anaweza kupanga mabano sawasawa na bado asiseme kweli. Mwaka 2003 Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, waliifuatilia makala moja mashuhuri ya fizikia iliyokuwa imetajwa na wengine mara 4,300 hivi. Katika mitajo 196 walikuta makosa ya tarakimu. Kama kila mwandishi angekosea kwa mkono wake mwenyewe, makosa hayo yangetofautiana. Walikuta makosa 45 tu yaliyo tofauti, na kosa moja la namba ya ukurasa lilikuwa limerudiwa mara 78. Maana yake ni kwamba wengi walinakili mtajo kutoka orodha ya mwenzao. Kwa hesabu zao, karibu mmoja tu kati ya watano ndiye aliyekuwa ameifungua makala yenyewe.

Hao ni wanafizikia, na maktaba zao zimejaa. Kwetu, ambako kitabu cha nadharia kinaweza kuwa na nakala moja iliyoazimwa tangu muhula uliopita, kishawishi ni kikubwa zaidi. Mwanafunzi hukuta katika tasnifu ya mwenzake maelezo ya umaumbo wa Kirusi, akachukua jina la mwanazuoni, mwaka na ukurasa, akaandika kana kwamba kitabu alikuwa nacho mkononi. Njia ya haki ipo na haimwaibishi mtu: ataje kwamba amemsoma fulani kupitia kwa fulani, na katika marejeleo aweke kile alichokisoma tu. Wasimamizi wengine huukataa mtajo wa namna hiyo kwa hoja kwamba unaonyesha uvivu. Wakiukataa bila kumsaidia mwanafunzi kukipata kitabu, wanamfundisha kuficha.

Sasa kuna mashine inayotunga marejeleo yenyewe. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wahariri na watahini hukutana na vyanzo vyenye mwandishi, mwaka, jarida na kurasa, ila makala haijapata kuandikwa. Mahakamani New York, Juni 2023, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu za kesi zilizobuniwa na programu hiyo. Kilichowaponza hakikuwa mpangilio wa mitajo. Mitajo ilikuwa na sura ya kawaida kabisa. Hakuna aliyekwenda kuifungua kesi yenyewe kabla ya kuitia katika hati.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya kutaja chanzo. Mtajo ni ahadi kwa msomaji kwamba akiifuata njia hii atafika nilikofika, na atakuta nilichosema nimekikuta. Ukurasa huandikwa kwa sababu hiyo. Katika tasnifu nyingi za Kiswahili nukuu ya moja kwa moja ina jina na mwaka bila ukurasa, na msomaji huachiwa kitabu kizima apekue. Ni upungufu mdogo kuurekebisha, na sielewi kwa nini unavumiliwa.

Chukua sura ya mapitio ya maandiko, ambako ugonjwa wetu huonekana waziwazi. Mara nyingi hujengwa aya moja kwa mtafiti mmoja. Fulani anasema hivi; fulani wa pili anaeleza vile; wa tatu anakubaliana nao. Kila aya hufungwa na sentensi ile ile, kwamba kazi hii imeupa utafiti wetu mwanga. Ukizipanga aya hizo upya, ya mwisho ikawa ya kwanza, hakuna kitakachoharibika, na hilo linatosha kuonyesha kwamba hapakuwa na hoja iliyozishika pamoja. Vivyo hivyo kwa rundo la fasili mwanzoni mwa kazi: fasihi ni nini, lugha ni nini, utamaduni ni nini, kila moja kwa wataalamu watano, kisha mwandishi anaendelea bila kutwambia yeye amechagua ipi na kwa nini.

Mapitio yakipangwa kwa kufuata swali, sura hubadilika. Tuseme mtu anaandika kuhusu ushairi huru. Swali lililowagawa watu miaka ya sabini lilikuwa hili: vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi, au ni umbo mojawapo tu? Kaluta Amri Abedi anaingia hapo kwa sababu mwaka 1954 alichapisha kitabu kilichoziandika sheria za utunzi, na walioshika upande wa arudhi walikirejea. Euphrase Kezilahabi anaingia kwa sababu Kichomi, ya mwaka 1974, iliweka mbele ya wasomaji mashairi yasiyozifuata. Mulokozi na Kahigi wanaingia kwa Malenga wa Bara, ya mwaka 1976, na kwa kitabu chao cha nadharia cha mwaka 1979 kilichotaka fasili pana zaidi ya ushairi. Hapo kila mtu ameitwa kwa kazi aliyoifanya ndani ya mjadala; ukimwondoa mmoja, pengo linaonekana. Mwandishi naye amepata mahali pa kusimama: anaweza kusema ni swali gani wote hao waliliacha wazi, na kwamba yeye analishika hilo. Aya kumi na mbili zinaweza kuwa nne, na hakuna kilichopotea.

Vitenzi vya kuripoti navyo vinataka uangalifu. Anayesema, anayedai, anayebainisha, anayekiri na anayependekeza hawafanyi tendo moja. Ukiandika kwamba mtu anadai, umeshamtilia shaka. Ukiandika kwamba anabainisha, umekubali kwamba jambo lipo kweli. Wanafunzi huvibadilisha ili wasirudie neno, na bila kujua wanamtia mtu katika ubishi ambao hakuuanzisha. Bora kurudia "anasema" mara sita kuliko kumpa mtu msimamo usio wake.

Kauli za kutendwa zisizo na mtenda ni hatari zaidi. Imeelezwa kwamba, inaaminika kuwa, imethibitika kuwa. Na nani? Lini? Sentensi kama hizi ndizo zinazofanya makala ionekane ya kitaaluma machoni pa mwandishi mchanga, na ndizo zinazoificha asili ya hoja. Lipo pia neno "mtafiti", linalotumiwa kuepuka kusema "nimeona" au "nimehoji". Katika aya ambamo watafiti watatu wengine wametajwa, "mtafiti aligundua" haieleweki ni yupi kati ya wanne. Majarida mengi ya kimataifa yameacha zamani kuikataa nafsi ya kwanza, na mwongozo wa APA wenyewe unaipendekeza pale mwandishi anapoeleza alichokifanya. Kiswahili hubeba nafsi hiyo ndani ya silabi moja, ni- au tu-, bila kelele yoyote. Sioni sababu ya kuikimbia.

Kuhusu ufupi, tazama sentensi hii niliyoitunga kwa mfano wa nyingi zinazosomwa: "Utafiti huu ni utafiti ambao ulifanyika kwa lengo la kufanya uchunguzi kuhusu suala zima la matumizi ya tamathali za semi katika muktadha wa nyimbo za taarabu." Maneno 26. Kinachosemwa ni kwamba utafiti huu unachunguza tamathali za semi katika nyimbo za taarabu. Maneno kumi. Yaliyoondoka ni vitenzi vilivyogeuzwa kuwa majina na kuhitaji "kufanya" ili visimame, "suala zima" ambalo halina nusu yake, na "muktadha" uliokuja kwa mazoea. Kitenzi cha Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kubana maana: wanaohojiwa, waliohojiwa, wasiohojiwa, kila moja ni neno moja. "Amba-" ina kazi yake halali, hasa palipo na -me-, lakini haipaswi kuja katika kila sentensi.

James Watson na Francis Crick walilieleza umbo la DNA katika jarida la Nature la tarehe 25 Aprili 1953 kwa ukurasa mmoja na ushei. Siwatajii wanafunzi wa fasihi mfano huu ili wapunguze kazi zao kufikia ukurasa mmoja. Uhakiki wa riwaya unahitaji nafasi. Nautaja kwa sababu wale wawili walijua wanachodai, wakakidai, wakaonyesha kinasimama juu ya nini, wakanyamaza. Mwandishi asiyejua anachodai ndiye huandika mengi, akitumaini dai litajitokeza lenyewe njiani.

Nukuu ya moja kwa moja inafaa pale maneno yenyewe ndiyo jambo linalojadiliwa: mshororo wa shairi, kifungu cha sheria, kauli ambayo watu wamebishana maana yake. Pengine pote, eleza wazo kwa maneno yako na utaje lilikotoka. Nukuu ikishawekwa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Ni kawaida kukuta beti tatu zimenukuliwa na chini yake sentensi moja isemayo kwamba beti hizi zinaonyesha dhuluma katika jamii. Zinaionyesha wapi? Kwa neno gani, kwa urudiaji gani, kwa kituo kipi cha sauti? Asiyeweza kuonyesha hilo hakuhitaji kunukuu beti tatu; pengine mshororo mmoja ungetosha na ungemlazimisha kuusoma vizuri.

Ushairi wetu una matatizo yake ambayo miongozo ya Chicago na APA haikuyafikiria. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yamehaririwa na William Hichens katika kitabu cha mwaka 1940, kisha na Mohamed H. Abdulaziz mwaka 1979. Anayenukuu lazima aseme anamsoma Muyaka wa nani. Katika tendi, namba ya ubeti humfaa msomaji kuliko ukurasa, kwa kuwa aliye na toleo jingine bado anaweza kuufikia ubeti, ingawa matoleo nayo huenda yakatofautiana katika kuhesabu. Mishororo ya mizani kumi na sita inaweza kupangwa mmoja mmoja au kukatwa kwenye vipande vya mizani nane. Chagua njia moja na uishike.

Na lahaja iachwe ilivyo. Nimeona maandishi ya Kimvita na Kiamu yaliyonukuliwa huku "mato" yakiwa macho na "nti" ikiwa nchi, bila neno la kumwambia msomaji. Shairi lenye kina cha -to likipata "macho" mwishoni limevunjika, na aliyelivunja si mshairi. Kama neno ni gumu, lieleze kwenye tanbihi. Kama lazima uongeze kitu ndani ya nukuu, mabano ya mraba yapo kwa kazi hiyo. Ukipunguza, weka nukta tatu. Ukiweka herufi mlazo ambazo mwenyewe hakuziweka, andika kwamba mkazo ni wako.

Mwaka wa uchapishaji ni mtego mwingine. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka kwanza mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Mwandishi mwenyewe alifariki mwaka 1962. Mwanafunzi aliye na toleo la miongo ya karibuni huandika jina na mwaka wa toleo lake, na katika maandishi inaonekana Shaaban Robert aliihakiki serikali ya zama ambazo hakuziona. Kwa riwaya inayosomwa kama fumbo la utawala, hilo linapotosha uchambuzi mzima. Dawa ni kuweka miaka yote miwili, wa kwanza katika mabano ya mraba na wa toleo lililotumika baada yake.

Jina la Shaaban Robert nalo huandikwa kwa njia mbili: wengine humtaja kama Robert, wengine kama Shaaban. Mitindo ya Magharibi hudhani kila mtu ana jina la ukoo mwishoni. Pwani na visiwani jina la mwisho mara nyingi ni la baba au la babu, na wasomaji humjua mtu kwa majina yake yote pamoja. Ushauri wangu ni kufuata mfumo wa jarida katika marejeleo, lakini ndani ya maandishi mtajwe mtu kwa jina ambalo Waswahili wanamjua nalo.

Tafsiri inastahili uangalifu kuliko yote haya. Tasnifu zetu huandikwa kwa Kiswahili, lakini nadharia tunazisoma kwa Kiingereza, na nyingine zilifika huko kutoka Kirusi au Kifaransa. Ukimnukuu Bakhtin kwa Kiswahili kutoka kitabu cha Kiingereza, msomaji ana haki ya kujua kwamba kati yake na Bakhtin wapo wafasiri wawili, na kwamba wa pili ni wewe. Maneno "tafsiri yangu" baada ya ukurasa yanatosha. Pale hoja inaposimama juu ya neno moja, weka asili kwenye tanbihi. Kuna wanaofasiri aya nzima, wakaondoa alama za kunukuu, wakaiacha itembee kama yao. Programu za kukagua mfanano kama Turnitin hulinganisha maandishi na maandishi, na wizi uliovuka lugha huzipita kwa urahisi. Wala asilimia inayotolewa na programu hizo si hukumu: nukuu halali na orodha ya marejeleo nazo huongeza namba. Tarakimu hiyo inamwonyesha msimamizi mahali pa kutazama, na kutazama ni kazi yake.

Wizi wa maandishi hauozi. Februari 2011 Chuo Kikuu cha Bayreuth, mji ule ule wa Ujerumani ambamo wanazuoni wa Kiswahili wamekuwa wakikutana katika kongamano lao kwa miongo kadhaa, kilimvua shahada ya uzamivu Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi, baada ya kugundulika kwamba sehemu kubwa ya tasnifu yake ya sheria ilichukuliwa kwa wengine bila kutajwa. Alijiuzulu mwezi uliofuata. Waliolinganisha kurasa zake moja baada ya nyingine mtandaoni walikuwa wasomaji wa kujitolea.

Vyanzo simulizi ndivyo vinavyoachwa nyuma zaidi. Mtafiti hupata kibali cha utafiti, cha COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, huenda kijijini, hurekodi, kisha maelezo ya saa mbili hugeuka kuwa "msailiwa mmoja alisema". Mahali na tarehe ya mahojiano ni sehemu ya ushahidi na vinapaswa kutajwa. Kuhusu jina, sikubaliani na kanuni ya kumficha kila mtu. Mama aliyesimulia mambo ya ndoa yake afichwe, na afichwe vizuri, hata kijiji kisimtambulishe. Malenga aliyetoa shairi alilolitunga mwenyewe ni mwandishi kama Kezilahabi alivyo mwandishi. Kumwita "msailiwa namba 4" ni kumnyang'anya kazi yake. Aulizwe atajwe vipi, na jibu lake liandikwe katika fomu ya ridhaa.

Majarida yetu yana uwezo wa kuyarekebisha mambo haya yote haraka kuliko vyuo. Kiswahili na Mulika ya Dar es Salaam, Kioo cha Lugha, na Swahili Forum inayotolewa Ujerumani, yote hupokea makala kutoka kwa waandishi wale wale. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingeweza kuwaita wahariri wa majarida hayo mezani wakubaliane namna moja ya kuandika mwaka wa toleo la kwanza, alama moja ya tafsiri ya mwandishi, vifupisho vya ukurasa na mhariri, namba za beti, na mahali pa malenga wasiochapisha vitabu. Mwongozo wa kurasa saba, kama ule wa wanasaikolojia wa mwaka 1929, ungetosha kuanzia.